Waliokuja Kumtoa

Juzi binti yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, simu yangu mkononi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, mbona huyu mtu mzima analia hivi?"

Nikachungulia. Jezi nyeupe ya mistari myembamba, namba 42 mgongoni. Nikaketi naye palepale chini, nikamwambia airudishe mwanzo.

Siku hiyo nilikuwepo. Alhamisi, Septemba 26, 2013, uwanja wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, kule Bronx, viti vya juu kabisa. Tiketi alizinunua yule mzee wa Panama niliyekuwa nafanya naye kazi za usiku, na pesa yangu aliikataa. Alisema mtoto wa mvuvi haachi kwenda kumuaga mtoto wa mvuvi mwenziwe. Mariano Rivera, huyo wa namba 42, alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi huko Panama. Baba yake alikuwa nahodha, na yeye mwenyewe alivua dagaa kwenye boti ya baba kabla ya kusaini na Yankees mwaka 1990. Mimi niliyezaliwa Kilwa Kivinje, ndani ya harufu ya dagaa, nilimpenda tangu nilipoambiwa hayo, kabla hata sijauelewa mchezo wenyewe.

Kazi yake niliielewa kwa lugha ya bandarini. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akiwa ndiye anayeanza mechi, ndiye anayetoka na chombo baharini na kukaa nacho saa nyingi. Rivera alikuwa rubani, anayepanda mwishoni kukipitisha kwenye miamba hadi gatini. Kwa saa mbili nzima yuko pembeni, anangoja. Akiitwa, kwa kawaida wamebaki wapigaji watatu wa kutolewa na timu inaongoza kwa kidogo. Akikosea, jasho la wenzake wote limekwenda bure. Aliokoa mechi 652 namna hiyo, na hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa aina moja tu, unaokuja umenyooka kisha ukifika karibu na mpigaji unakata kidogo, unavunja rungu mkononi mwake. Kila mtu alijua utakuja huo huo. Ukaja tangu 1997.

Mwaka uliotangulia goti lilikuwa limemkatika mazoezini huko Kansas City, akiwa na miaka 42, na wengi wakadhani basi. Alikataa kutoka uwanjani kwa njia ile. Akarudi mwaka mmoja zaidi, na usiku ule ndio ulikuwa wa mwisho nyumbani.

Hakukuwa na mechi ya kuokoa. Wapinzani, Tampa Bay, walikuwa mbele 4-0. Aliingia raundi ya nane kati ya tisa, watu wote wamesimama, akatoa wapigaji wawili. Raundi ya tisa akatoa wawili wengine. Amebakiza mmoja tu.

Hapo ndipo binti yangu alipokuwa ameisimamisha video.

Kwa desturi, mrushaji anafuatwa na kocha kwenye lile tuta la udongo katikati ya uwanja, anamnyang'anya mpira, basi. Kocha hakutoka. Walitoka wachezaji wenzake wawili, Andy Pettitte na Derek Jeter. Watatu hawa waliingia kikosi cha kwanza cha Yankees mwaka mmoja, 1995. Walikuwa vijana pamoja. Walikuja wakitembea taratibu kabisa, hawana haraka, Jeter akitabasamu. Rivera alipowaona naye akatabasamu, kama mtu anayewaona nduguze mlangoni na hajajua wamekuja na habari gani. Kisha akajua. Pettitte akauchukua mpira, akamkumbatia, na yule mtu ambaye uso wake haukuwahi kuonyesha kitu akauficha begani mwa rafiki yake akalia. Hakulia kidogo. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, hata huku juu kwetu tuliyaona. Pettitte hakumwachia. Uwanja mzima umesimama, wachezaji wa Tampa nao wamesimama wanapiga makofi, na yule mzee pembeni yangu ameweka kofia kifuani anasema neno moja la Kihispania, tena na tena, nisilolijua.

Baada ya mechi Rivera alirudi peke yake kwenye lile tuta, akainama, akachota udongo mkononi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli kwa kura 425 kati ya 425, wa kwanza kukubaliwa na wote.

Ninachokirudia mimi ni ule mwendo wa wale wawili. Kwa sababu miaka mitatu baadaye kaka alinipigia kutoka Kilwa: baba haoni tena vizuri, mashua imepanda mwamba mara ya pili, mabaharia wanaogopa kumwambia, wewe ndiye anayekusikiliza. Nikampigia siku ileile, nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nimesimama ngazini. Nikasema, "Shikamoo baba," na kabla salamu hazijaisha nikasema, "Baba, bahari sasa basi. Pumzika." Akanyamaza. Nilisikia upepo tu. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akaniuliza kama huku baridi imeanza.

Dakika nne. Nauli nilikuwa nayo mwaka ule. Ningeweza kwenda, tukashuka na kaka ufukweni alfajiri, tukamwendea mchangani polepole, watoto wake wawili. Labda angekataa. Labda angenikumbatia. Pengine kwake ilikuwa afadhali hivyo, pasipo watu.

Haya yote nilimsimulia binti yangu, kwa maneno anayoyaweza. Akafikiri kidogo.

"Na babu alilia?"

Nikamwambia sijui, mama. Ilikuwa simu, sikumwona.