Ruaha baada ya mvua kubwa

Nimezoea kuiona Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwezi Septemba, ardhi ikiwa nyekundu, mibuyu ikiwa haina jani hata moja, na tembo wakichimba mchanga wa Mto Mwagusi kutafuta maji yaliyojificha chini. Safari hii tulitoka Iringa mjini mwezi Aprili, baada ya msimu ambao mvua ilinyesha kwa wingi, tukapita Tungamalenga kwa barabara ya vumbi ambayo sasa ilikuwa tope tupu, na zile kilomita 130 hivi zikatuchukua takriban nusu siku.

Nakiri kwamba anayekwenda kuhesabu simba asiende wakati huu. Majani yalikuwa marefu kiasi kwamba twiga alionekana shingo tu, na wanyama, kwa kuwa maji yamejaa kila korongo, hawana sababu ya kukusanyika mtoni. Mbung'o nao hawakutuhurumia. Hata hivyo tulisimama kwa muda mrefu tukimtazama tandala mkubwa, mwenye pembe zilizojisokota, akila machipukizi mita chache kutoka kwenye gari bila haraka yoyote.

Kilichonigusa zaidi ni Ruaha Mkuu wenyewe. Tangu miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Siku ile ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo, ukinguruma, na viboko wametawanyika wapendavyo.