Gulu City Anthems, kila mtu na lake

Jamani hii albamu ya Otim Alpha bado inatugawa hapa Kampala. Ilitoka 2017 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes, ni nyimbo za harusi za Waacholi wa kaskazini mwa Uganda zimepikwa upya kwenye kompyuta, na zinaenda mbio balaa. Mzee mmoja wa Gulu hapa mtaani anasema larakaraka, ngoma ya asili ya harusi za Waacholi, ni vibuyu vinavyogongwa na spoku za baiskeli, watu wanatoka jasho, mashine itatoa wapi hiyo? Vijana wa steji ya boda wao wanaongeza sauti tu. Mi niko na vijana, maana ukisikiliza kwa hedifoni ule mdundo wa vibuyu unausikia kabisa, umehamia tu kwenye biti, na Otim anaimba kama yuko harusini kweli. Ila kwa spika ya simu usijaribu, besi yote inapotea inabaki kelele.