Kuijenga upya kazi ya batiki Kisumu

Mume wangu alipopata ajira ya uhandisi wa maji Kisumu, ndugu zetu wa Mwanza waliulizia mshahara, nyumba na shule ya watoto, kisha wakatutakia safari njema. Kuhusu karakana yangu ya batiki, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyolipa karo kila mishahara ilipochelewa, walisema tu kwamba sanaa ni kazi ya mikono na mikono nitakwenda nayo. Walisema kwa upendo. Hata hivyo, naamini kauli hiyo ndiyo inayowaponza wasanii wengi wanaowafuata wenzi wao ng'ambo ya mpaka. Mikono husafiri, ni kweli, lakini nyuma hubaki muuza rangi anayekukopesha, fundi cherehani anayekuletea wateja, mwalimu anayeagiza sare za kwaya kila Pasaka ikikaribia, na jina ambalo watu walilisikia kabla hawajaiona kazi yenyewe. Hao ndio walioifanya sanaa yangu iwe ajira, na hakuna hata mmoja aliyepanda nasi basi la kupitia Sirari, Migori na Kisii.

Kwa upande wa ufundi wenyewe sikupata taabu. Mwanza na Kisumu ziko kando ya ziwa moja, katika mwinuko unaokaribiana sana, na siku ya Kisumu huanza kwa jua kali na mara nyingi huishia kwa radi na mvua ya alasiri, kwa hiyo nilijua mapema kwamba kazi ya kuchovya rangi inapaswa kumalizika asubuhi. Nta, ambayo huzuia rangi isiingie kwenye mchoro, nayo ina tabia zilezile kila mahali. Ikipoa mno hukaa juu ya kitambaa na kuacha rangi ipenye chini yake. Ikichemka kupita kiasi hukimbia na kuvuruga mchoro. Kila ninapopiga mstari wa brashi huinua kitambaa na kukitazama upande wa nyuma, na nikiona doa la nta limeng'aa pale kama lilivyong'aa mbele, najua mstari huo utalinda weupe wake hadi mwisho. Baada ya hapo kitambaa huingia kwenye beseni la rangi iliyoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti. Bluu ikitoka humo huwa haijawa bluu bado. Hewa ndiyo inayoirudishia rangi yake taratibu mbele ya macho yako, na mpaka leo sijaacha kusimama na kuitazama.

Kilichonigharimu subira kilikuwa karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua kwamba mfanyakazi anayehamia nchi nyingine mwanachama anaweza kuandamana na mwenzi wake, na kwamba mwenzi huyo naye anaweza kuajiriwa au kujiajiri. Inatambua pia haki ya raia wa Jumuiya kuanzisha shughuli zao za kiuchumi katika nchi wanachama. Haki hizo, hata hivyo, hupitia katika sheria na taratibu za kila nchi. Nchini Kenya pasi ya mtegemezi peke yake humruhusu mwenzi kuishi nchini, wala haimpi idhini ya kufanya kazi. Anayetaka kuendesha biashara yake mwenyewe huomba kibali cha kufanyia biashara. Baada ya hapo zinafuata PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na leseni ya kaunti. Sioni sababu ya msanii kuyaogopa haya, ila yanachukua muda na fedha, na ni haki muda huo uhesabiwe tangu familia inapoanza kujadili kuhama. Mara nyingi mwajiri hushughulikia hati za mfanyakazi wake na kumwandika mwenzi kuwa mtegemezi, na neno hilo likishaingia kwenye faili, familia nayo huanza kuliamini.

Kwa wale ambao, kama mimi, wameacha wenzao wa karakana nyumbani, kuna utaratibu mmoja ambao nadhani haujulikani vya kutosha. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, ambazo thamani ya shehena yake haizidi dola 2,000 za Marekani na ambazo zimo katika orodha iliyokubaliwa, huweza kuvuka mpaka kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuthibitisha bidhaa ilikotengenezwa, kinachotolewa mpakani na maofisa wa forodha, bila kutozwa ushuru wa forodha. Hiyo ndiyo njia iliyoniwezesha kuendelea kuwapa kazi kinadada wawili wa Mwanza wakati ambapo Kisumu nilikuwa bado sina hata meza ya kupigia nta.

Wateja nao niliwapata kupitia kwa mafundi cherehani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ushauri niliokuwa nikipewa na watu wengi ulikuwa ni kupiga picha nzuri, kuziweka mtandaoni na kungoja simu. Picha zina kazi yake. Lakini katika soko la Kibuye, hasa Jumapili ambapo wauzaji hujaa mpaka pembezoni mwa barabara, mwanamke anayetaka gauni humwendea fundi wake akiwa hajaamua kitambaa, na neno la fundi lina uzito kuliko tangazo lolote. Nilimpelekea fundi mmoja, mama wa makamo anayeshonea kwenye kibanda cha mabati, vipande vyangu vya yadi sita. Alivikunjua, akavipima kwa mkono, akaniambia, "Dada, rangi ni nzuri, lakini hili pambo umeliweka mahali ambapo mkasi wangu lazima upite." Alinionyesha jinsi gauni la mikono mipana linavyokatwa na ni sehemu gani ya kitambaa huishia chini ya meza kama vitambaa vya kufutia. Tangu hapo nachora nikiwa na mkato akilini: pambo kubwa hukaa mahali patakapokuwa kifua au upindo, na katikati huachwa mchoro mdogo unaoweza kukatwa popote bila kupoteza maana. Mafundi wengine watatu wa sokoni sasa hunitumia wateja kwa sababu kitambaa changu hakiwapotezei.

Kupitia kwa mama huyo niliingia pia katika shughuli za kifamilia, na hapa ndipo penye uhai wa kazi yangu Kisumu. Familia za Waluo zinapofanya ayie, sherehe ya upande wa bwana harusi kwenda kwa mama wa binti kutafuta ridhaa yake, kinamama wa pande zote mbili hupenda kuvaa nguo za kufanana, na agizo moja la kikundi linaweza kuishikilia karakana kwa wiki kadhaa. Mwanza wateja wangu walipenda mawe, yale majabali yanayosimama ziwani mbele ya mji. Hapa wanaulizia mafunjo, ndege fundichuma na mitumbwi ya Dunga, ufuo wa wavuvi wa hapa Kisumu, yenye mapambo ubavuni. Nilikwenda Dunga na daftari langu kuviangalia vitu hivyo katika mahali pake, kwa kuwa naona ni utovu wa heshima kumuuzia mtu ziwa lake kwa mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye kadi ya posta. Shuke la mafunjo, kwa mfano, lina nyuzi nyembamba zinazotawanyika pande zote, na brashi yangu ya kawaida ilikuwa nene mno. Nazichora sasa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, kikichovywa kwenye nta kila baada ya mstari mmoja.

Bei ndiyo inayobaki kuwa mjadala. Wateja hulinganisha batiki yangu na vitenge vya kiwandani, nami huwaeleza kwamba mtindo wa vitenge ulitokana na viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 kuiga batiki za mkono za Java. Wengine huelewa na kulipa. Wengine huenda zao, nami siwafuati kwa kushusha bei.

Nyumbani tumeanza kuandika mapato ya batiki katika daftari lilelile la mshahara wa mume wangu, na kodi ya karakana katika ukurasa uleule wa kodi ya nyumba. Lilikuwa pendekezo lake, nami namshukuru kwalo. Mkataba wake utajadiliwa upya mwakani, na kuna fununu za nafasi Kigali. Safari hii, kabla hajajibu barua yoyote, tumekubaliana kwamba nitatangulia mimi kwenda huko na mzigo mdogo wa vitambaa, niwaone mafundi cherehani, niulizie masharti ya kibali changu na bei ya nta, kisha ndipo tutakaa mezani kuamua.