Maji yaliyoua hedi

Gasketi ya silinda hedi, kile kizibo chembamba kinachobanwa kati ya bloku la injini na kifuniko chake cha juu (hedi), haiungui bila kisa. Naliandika jambo hilo kwanza kwa sababu tangu nilipoanza kuifungua injini ya Corolla hii hapa nyumbani Gungu, Kigoma, chini ya mwembe, watu wanaopita na kunisalimu huniuliza bei ya gasketi mpya, wala sijamsikia hata mmoja akiuliza ile ya zamani iliunguzwa na nini. Ukiibadilisha bila kulijua jibu la swali hilo, utaifungua injini ile ile tena kabla mwaka haujaisha.

Gari nililinunua likiwa tayari linachemsha. Aliyeniuzia hakunificha, alieleza kwamba kila alipopanda milima ya kuelekea Manyovu mshale wa joto ulipanda pamoja naye, akawa anasimama, anangoja, anaongeza maji na kuendelea na safari. Bei ilikuwa ya kuridhisha, nami nilikuwa na hamu ya muda mrefu ya kuijenga upya hedi ya injini hii kwa mikono yangu. Ni 4A-FE, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,587, yenye silinda nne na valvu 16, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Bloku lake ni chuma cha kusubu na hedi yake ni aluminiamu, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote niliyoyaona baadaye.

Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi yenye urefu wa takriban sentimita 45, ikipanda kutoka baridi ya asubuhi hadi nyuzi 90 hivi, hutanuka kulizidi bloku lililo chini yake kwa karibu theluthi moja ya milimita, na gasketi iliyobanwa katikati hulazimika kuustahimili msuguano huo kila siku gari linapowashwa na kuzimwa. Katika hali ya kawaida huustahimili. Lakini maji yakipungua, sehemu ya hedi iliyokosa maji hupata joto kuliko jirani zake na kutaka kutanuka zaidi, huku bolti zikiwa zimeishikilia isiende popote. Metali hujibana yenyewe mpaka inakubali umbo jipya, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Hedi iliyopinda namna hiyo haiwezi tena kuibana gasketi sawasawa, na moto wa silinda hupata mwanya wa kupenya kwenye njia za maji. Dalili zote zilikuwepo: mapovu kwenye rejeta injini inaponguruma, moshi mweupe asubuhi, na chini ya mfuniko wa oili utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Nilizilegeza bolti injini ikiwa baridi kabisa, nikianzia za pembeni kuja katikati, kila moja kidogo kidogo, kwa kuwa hedi ya aluminiamu inaweza kupinda hata wakati wa kufunguliwa. Mpwa wangu alikuwa msaidizi. Alitoboa matundu kwenye boksi la katoni, akayaandika namba, akaipanga kila valvu pamoja na springi yake na koleti zake (vibanio vinavyoishikilia springi) mahali pake. Hilo si suala la unadhifu tu. Kila valvu imeshazoeana na kikalio chake, ule ukingo wa hedi inapokaa ikijifunga, kwa miaka, na ukizichanganya unaipa kila moja kikalio kilicholika kwa umbo la mwenzake.

Kisha nikaigeuza hedi na kuangalia njia za maji, na hapo nikakaa chini kwa muda. Matundu mengine yalikuwa yamezibwa nusu na ukoko mweupe mgumu, na kando ya mengine aluminiamu yenyewe ilikuwa imelika, ikawa na vishimo vinavyokaribia ule ukingo ambao gasketi huuziba. Nilipofungua nyumba ya thermostati, kile kifaa kinachofunguka kwa joto kuruhusu maji ya rejeta yapite, nikaikuta tupu.

Haya mawili yanahitaji maelezo, kwa sababu hapa kwetu ni mazoea. Ziwa Tanganyika lipo mlangoni, maji yake yanaonekana safi kuliko ya bomba, na dereva aliye Kibirizi au Ujiji na dumu tupu mkononi haoni sababu ya kutafuta mengine. Lakini maji ya ziwa hili yamebeba madini mengi, hasa magnesi, na yana ualikali wa pH karibu 9. Ukiyachemsha ndani ya injini, madini huganda kwenye kuta zenye joto kali zaidi, yaani kwenye hedi, na ukoko huo huizuia metali isipoe hata kama rejeta imejaa. Ualikali nao hushughulika na jambo jingine. Aluminiamu hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi unaofunika uso wake, na utando huo hudhoofika pH inapopita 8.5 hivi, kwa hiyo maji yale yale yanayoacha ukoko hapa huila metali pale. Watu wengi huamini kwamba kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ni ya nchi za baridi, ya kuzuia maji yasigande. Kwetu sababu ya kuitumia ni dawa zilizomo za kuzuia kutu na ulikaji, na kwa injini yenye hedi ya aluminiamu dawa hizo ni za lazima.

Kuhusu thermostati, mazoea ya kuitoa ili injini ipoe zaidi yanaumiza injini hii kwa namna ya pekee. Thermostati yake hufanya kazi mbili: inapofunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, huruhusu maji yatoke rejeta, na wakati huo huo huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita rejetani. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka humo humo bila kupoa. Kwa hiyo huyu aliyepanda Manyovu akisimama na kungoja alikuwa na rejeta iliyonyimwa sehemu ya maji yake, na hedi iliyovikwa blanketi la madini. Sina neno baya juu yake, alifuata alichoshauriwa.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya karakana ya reli, alikuja jioni moja nikiwa naendelea kukwangua ukoko kwa kijiti cha mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaitafutia nyufa?"

Nilimjibu kwamba nimeitazama kwa tochi na sijaona kitu. Akaagiza mafuta ya taa na chaki. Tuliupaka uso wote wa hedi mafuta ya taa, tukayaacha yaingie kila mahali, tukaupangusa mpaka ukakauka, kisha akausugulia unga wa chaki juu yake na kutuambia tusubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Njia hii ilitumika katika karakana za reli zamani, kabla hazijapatikana rangi maalumu zinazofanya kazi hiyo leo, na mzee aliijua tangu ujana wake. Chaki ilibaki nyeupe. Mpwa wangu alishangilia, lakini mzee alimwambia kwa upole kwamba chaki huonyesha ufa uliofika juu tu, na kwamba fundi wa mashine aijaribu tena kwa shinikizo la hewa ndani ya maji ya moto.

Kupima upindaji ni kazi ya rula ya chuma iliyonyooka na vile vibanzi vyembamba tunavyoviita fila geji. Unailaza rula juu ya uso wa hedi unaokaa kwenye gasketi, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na kujaribu kupenyeza kibanzi chini yake. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa uso huu ni milimita 0.05. Kati ya silinda ya pili na ya tatu kibanzi cha 0.12 kilipita bila kusukumwa.

"Mjomba, si tununue kioo kinene na msasa, tuisugue wenyewe hapa?" kijana aliuliza.

Nimeona watu wakifanya hivyo na magari yao yakatembea, na swali lake lilistahili jibu la kweli. Msasa juu ya kioo huondoa metali pale mkono unapokandamiza zaidi, na mkono hauwezi kukandamiza sawa kila upande kwa saa nzima. Kazi nyingi za hedi zinawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira na vifaa vya kupimia, ila kuusawazisha uso kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita kunahitaji mashine. Tuliifunga hedi kwenye blanketi, tukaiweka kwenye boksi, ikapanda basi kwenda Mwanza. Nilimwomba fundi aondoe kiasi kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa kila unachopunguza huongeza mgandamizo wa silinda.

Nilimwomba pia jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Hedi ikipinda, hupinda yote, pamoja na ule mstari wa juu ambako kemishafti, mhimili unaozifungua valvu, hukaa. Ukiusawazisha uso wa chini peke yake, juu hubaki pamepinda, na kemishafti huzunguka kwa kung'ang'ania mpaka ikalika au ikakatika. Fundi alizifunga kemishafti zote mbili kwenye hedi bila valvu na kuzizungusha kwa mkono, moja baada ya nyingine, zikazunguka kwa wepesi. Aliponipigia simu kunieleza hivyo ndipo nilipoamini kwamba hedi hii itapona.

Wakati tukiisubiri, bloku lilikuwa wazi hapa uani, na unyevu wa kando ya ziwa haulisamehei chuma. Nilipaka oili nzito kwenye kuta za silinda na kwenye uso wa bloku, nikalifunika. Mzee alikumbusha habari ya Liemba, meli ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha wenyewe, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen, wahandisi walizipaka injini zake grisi nzito kabla ya kuiachia iende chini. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta zinafaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Grisi iliihifadhi metali kwa miaka minane. Uani kwangu ilihitajika kuihifadhi kwa muda mfupi sana, lakini niliongeza oili baada ya kuyasikia hayo.

Kusaga valvu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na sikuiharakisha. Unaweka dawa ya kusagia kidogo kwenye ukingo wa valvu, unaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, unaizungusha huku na huku kati ya viganja, unainyanyua, unaigeuza robo mzunguko, unarudia. Mwanzoni inakwaruza kwa sauti ya mchanga; baadaye sauti hulainika, na ukifuta unaona mkanda wa kijivu usiong'aa ukizunguka pande zote bila kukatika. Nilitafuta mkanda wenye upana kati ya milimita 1.0 na 1.4. Ukiwa mwembamba mno, valvu haipitishi joto lake vya kutosha kwenda kwenye hedi, na valvu za ekzosi (za kutolea moshi) hupoa hasa kwa kugusana na kikalio. Ukiwa mpana mno, masizi hukwama. Baada ya kuosha kila chembe ya dawa, tulivimiminia vyumba vya moto mafuta ya taa, tukakaa kuangalia upande wa pili. Valvu mbili zilivuja, tukazisaga tena.

Sili mpya za valvu, springi na koleti zilirudi bila taabu. Kabla ya kuipandisha hedi nilikausha matundu ya bolti kwenye bloku kwa kitambaa na hewa ya pampu, maana oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilo na upande wa pili, bolti inayoshuka huyakandamiza na inaweza kulipasua bloku. Bolti ni kumi, za urefu wa aina mbili, fupi zikikaa upande wa kuingiza hewa. Hubanwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 29, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Nilitia alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti ili mzunguko uonekane kwa macho. Nafasi za valvu, yaani mwanya ulio kati ya valvu na kemishafti, nilizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 kwa za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa za ekzosi, ambazo hupewa zaidi kwa kuwa hupata joto zaidi na kurefuka zaidi.

Mfumo wa maji niliusafisha mpaka yakatoka maangavu, nikaweka thermostati mpya, mfuniko mpya wa rejeta, na kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Mfuniko si kitu kidogo hapa. Tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 98. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo ambalo mfuniko mzima hulihifadhi.

Injini iliwaka. Tumepanda nayo hadi Manyovu, mshale ukasimama chini kidogo ya katikati njia nzima, na kesho yake asubuhi maji ya chupa ya akiba yalikuwa kwenye mstari ule ule. Shinikizo la silinda ya tatu bado liko chini kidogo ya zile nyingine, ingawa tofauti ni ndogo. Nitalipima tena nitakapobadilisha oili, na dumu la kulanti iliyochanganywa tayari liko kwenye buti, ili atakayeendesha asiwe na sababu ya kuteremka ziwani.