Tanga ya Sentimita 180

Leicester, Jumapili usiku

Meza imebaki kama tulivyoiacha jana jioni, nami sijapata moyo wa kuikunja. Upande wa mashariki kuna ufuo wa Raskazone, upande wa magharibi zimesimama nyumba saba zinazobeba jina la mji mzima, na katikati, baina ya minazi na miti ya mpira, umepita mtaro wa reli ambao ulinichukua majuma matano. Nimecheza michezo ya vita ya mezani tangu nilipohamia Uingereza miaka kumi na mmoja iliyopita, na nimejenga majangwa, misitu yenye theluji na vijiji vya Ufaransa ambavyo nilivijua kwa picha tu. Hii ni mara ya kwanza kujenga mahali ambapo nimekanyaga kwa miguu yangu. Nilizaliwa Tanga.

Vita vyenyewe vilipiganwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Kikosi cha Waingereza kilichotoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kilianza kushushwa Raskazone usiku wa kuamkia tarehe 3, na kufikia tarehe 5 kilikuwa kinarudi melini, kimeshindwa na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck ambalo halikuzidi sana watu 1,000, wengi wao askari Waafrika walioletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Tulipokuwa watoto tulicheza mpira juu ya ardhi hiyohiyo bila kuwaza habari hizi, na ni huku ugenini, katika chumba cha klabu chenye baridi, nilipoanza kuulizwa na wenzangu kama kweli natoka katika mji wa vita vya nyuki, vile ambavyo nyuki walitoka mizingani na kuwauma askari wakipigana.

Mwezi wa Agosti nilipokwenda kuwasalimu wazazi, nilitembea na daftari kutoka Raskazone, nikapita Bombo, hadi relini, nikihesabu hatua. Kutoka rasini hadi mjini ni karibu kilomita tatu. Sanamu ninazotumia zina urefu wa milimita 28 kutoka nyayo hadi macho, yaani kipimo cha karibu moja kwa 56, na kwa kipimo hicho kilomita tatu zingehitaji meza ya zaidi ya mita 50, ilhali meza ya klabu ina sentimita 180 kwa 120. Kila mjenzi wa mandhari hukutana na jambo hili: mtu na nyumba hupimwa kwa kipimo kimoja, na nchi hupimwa kwa kingine kilichobanwa, kwa hiyo nyumba moja husimama badala ya mtaa na minazi kumi badala ya shamba. Ugumu ni kuamua kipi kibanwe na kipi kiachwe kipumue. Niliibana pwani, nikaubana mji, nikauacha mtaro wa reli uwe mpana na wenye kina, kwa kuwa nilipousimamia ukingoni nilielewa kwa nini watu waliotoka melini na kutembea vichakani waliuona kuwa ukuta.

Mtaro nimeuchonga katika mabamba ya povu gumu, yale ya kuwekwa ndani ya kuta ili nyumba isiingie baridi. Yana unene wa sentimita tano, nami nilipandanisha mawili ili ukingo uwe na kimo cha watu watatu. Povu hukatwa vizuri kwa waya wa moto, lakini mteremko uliokatwa kwa waya huwa laini kama siagi, na udongo haukatiki hivyo, basi nikaurudia wote kwa kisu na kwa vidole, nikimega vipande vidogovidogo kufuata namna ardhi nyekundu inavyomeguka baada ya mvua. Juu yake nikapaka gundi nyeupe ya useremala iliyochanganywa na mchanga na unga wa vigae vilivyosagwa. Anayeanza kazi hii na akumbuke kwamba rangi ya kupuliza ya kopo hulila povu lisilofunikwa. Niliwahi kupoteza mlima mzima kwa kupuliza rangi kabla gundi haijafunika kila tundu.

Reli ilinipa furaha ambayo sikuitarajia. Njia ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893 na ambayo ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, ni ya upana wa mita moja. Reli za treni za kuchezea zinazouzwa kila mahali hapa Uingereza zina upana wa milimita 16.5, na mita moja katika kipimo changu inakaribia milimita 18. Tofauti hiyo jicho haliioni. Nilinunua vipande vya zamani katika soko la Jumapili, nikang'oa mataruma ya plastiki, nikaweka ya chuma niliyoyaiga kwa kadi nene iliyopakwa kutu, nikasimama kuitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Paa za makuti nimezitengeneza kwa mkonge. Mama alinifungashia fungu la katani ukubwa wa mkono, na sikumwambia mapema ni la kazi gani. Mkonge wenyewe haukuwepo Tanga hadi mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida, na kati ya miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka kwa hiyo 62 ndiyo yalienea mashamba yaliyoulea mji wetu. Nyuzi zake nilizichana kwa kitana, nikazilowesha gundi iliyozimuliwa kwa maji, nikazikata mafungu ya sentimita mbili, kisha nikaezeka kama fundi wa makuti anavyoezeka, kuanzia chini ukingoni na kupanda, kila safu ikilalia ile iliyotangulia. Nilijaribu kwanza kuanzia juu ili kuokoa muda, na paa likaonekana kama nywele zilizolala vibaya. Mashina ya minazi nayo ni waya uliosokotwa na kuviringishiwa kamba ya mkonge, na makuti yake ni karatasi iliyochanwa kwa mkasi, mnazi mmoja kwa jioni moja.

Kuhusu nyuki nilihangaika. Lugha yetu inaviita vyote viwili mzinga, ule wa asali na ule wa baruti, na katika vita hivi vyote viwili vilikuwepo: mizinga ya Fox, meli ya kivita ya Waingereza, iliyopiga kutoka majini, na mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini. Kuna hadithi iliyoenea kwamba Wajerumani waliitega kwa nyaya. Siiamini, kwa kuwa nyuki hawakuchagua upande, na baadhi ya rashasha za Wajerumani nazo zilinyamaza kwa muda kwa sababu yao. Risasi zilizopita mitini zilitosha kuwachokoza. Mizinga niliikata kutoka vijiti vikavu vyenye unene wa milimita nane, nikaitoboa kwa keekee ndogo ya mkono na kuining'iniza kwa uzi. Kundi la nyuki nililitengeneza kwanza kwa pamba na majani ya chai, likaonekana kama moshi tu. Mwishowe nilisimamisha vipande vya mshipi wa kuvulia juu ya kitako cha plastiki angavu, nikatia nukta ya rangi katika ncha ya kila kimoja, na meza inapoguswa zile nukta hutetemeka.

Kisha zikaja sanamu, na hapa ningependa kuandika kwa utulivu, kwa sababu ndipo fikira zangu zilipogeuka.

Askari wa Lettow-Vorbeck walitoka kwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengineo. Rangi za ngozi ya Mwafrika zilizokuwamo katika seti niliyonunua zilikuwa kahawia moja tu, na maelekezo yake yalisema ichanganywe na nyeupe ili kupata mwangaza wa shavuni na puani. Nimefanya hivyo kwa miaka na kila mara nyuso zilitoka na kijivu cha majivu, kama za wagonjwa. Safari hii niliweka nyeupe kando. Nilianza na kahawia nzito niliyoitia tone la buluu, nikapandisha mwangaza kwa rangi ya udongo mwekundu na mwisho kwa manjano ya haradali, na midomoni nikagusa zambarau. Nilichanganya aina tano tofauti, kwa kuwa kombania moja haikuwa na watu wa rangi moja. Usiku nilipomaliza wanane wa kwanza na kuwapanga chini ya taa, niliona nyuso ninazozijua.

Bunduki zao pia zilihitaji marekebisho. Askari wengi mwaka 1914 bado walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti ya zamani inayotoa moshi mzito, na bunduki hiyo ndefu ilikuwa na sentimita 134 hivi, sawa na milimita 24 mezani. Za sanamu nilizonunua zilikuwa fupi. Nilikata mitutu thelathini na sita, nikatoboa kila mmoja kwa keekee na kupachika waya wa shaba, kazi inayoumiza macho lakini ambayo siijutii. Kwa moshi, pamba ilifaa hatimaye: kila kikosi kinachofyatua huwekewa kishada, na adui akikiona kishada anajua pa kulenga.

Nilipofikia rashasha ya Maxim, niliisoma sheria ya mchezo kama nilivyoisoma mara nyingi kabla: mtutu na watu watatu, mwendo wa sentimita kumi kwa zamu. Lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kuitengeneza, ilikuwa imepachika mtutu, kiti chake kizito, kopo la maji ya kupoza na masanduku ya risasi, na nilipovipanga mezani kimoja kimoja nikajiuliza watu watatu wanavibebaje kutoka relini hadi darajani. Hawakuvibeba. Kombania ya askari ilikuwa na wapagazi wake, mara nyingi wengi kuliko askari wenyewe, na bila wao hapakuwa na rashasha, wala maji, wala unga. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoendelea hadi 1918, wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Nimepita Kariakoo mara ngapi, nimenunua mashati na simu pale, na bado nilikuwa nimepanga kujenga Tanga bila mpagazi hata mmoja.

Katika seti zangu zote walikuwamo wanne tu. Nilihitaji 40. Nikachukua sanamu za askari zilizobaki, nikazinyang'anya bunduki na mikanda kwa tupa, nikaondoa tarbushi, nikachonga vichwa upya, kisha nikawavika shuka za epoksi ya kukanda, ile ya vipande viwili ambayo ukishaichanganya una saa moja na nusu kabla haijawa ngumu. Shuka nzuri haitokani na kisu. Hutokana na kidole kilicholowa maji, kinachovuta taratibu kutoka kiunoni kwenda gotini. Shingo ilikuwa ngumu zaidi. Mtu mwenye mzigo wa kilo 27 kichwani hasimami kama askari wa gwaride, kwa maana shingo hunyooka, mabega hushuka, na mkono mmoja hupanda bila kukaza. Wa kwanza sita niliwatupa. Wa saba nilimwekea ngata ya uzi uliosokotwa kati ya kichwa na sanduku, na papo hapo mzigo ukapata uzito.

Nilimwonyesha Mama kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, huyo ngata yake umeikaza mno, itamuumiza."

"Nimesikia, Mama. Nitailegeza."

Nikailegeza.

Jana tulicheza, mimi upande wa askari na rafiki yangu wa klabu upande wa kikosi cha India. Tulikubaliana kwamba rashasha haisogei isipokuwa wapagazi wake wawe wameigusa, na kwamba kila risasi zinapopita shamba la mpira turushe dadu, ikianguka moja nyuki watoke. Katika zamu ya nne nilitaka Maxim iende darajani. Nyuki wakatoka. Wapagazi wa maji walikuwa katikati ya shamba, na kwa zamu tatu rashasha ikakaa ukingoni mwa mtaro huku askari wa Kashmir wakiingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rafiki yangu, aliyecheza vita hivi mara mbili kabla kwa meza za watu wengine, aliniambia hajawahi kuangalia kwa hamu hivyo vipande visivyopiga risasi. Tulimaliza saa mbili usiku bila mshindi wa wazi, nami naona ni sawa.

Imebaki kazi ya vitako ambavyo sanamu husimama juu yake. Desturi ya klabu yetu ni kuandika jina la kikosi kwenye ukingo wa kila kitako, na za askari nimeziandika namba za kombania zao kwa rangi nyeupe. Za wapagazi ziliniweka siku tatu nimeshika brashi. Namba hazikuwafaa, na majina ya watu sikutaka kuyabuni. Leo mchana niliamua kuandika mizigo, kwa kuwa mezani ndiyo mchezaji anayohitaji kuijua: maji, mtutu, kiti, risasi, unga, mahema. Nimemaliza 23. Wa 24 amebeba kopo la maji ya rashasha, na rangi ya shuka yake bado haijakauka.