Tulivyoyafuata masanduku ya Liemba hadi Papenburg kwa fedha ya kuungaunga

Kijana wa Kigoma akishatua Ulaya, ushauri wa kwanza anaopewa na waliomtangulia ni kwenda Paris akapige picha chini ya mnara. Nami niliupata, tena kwa wingi, nilipokuwa nasoma kaskazini mwa Ujerumani: jinyime kwanza, panda treni ya kasi, lala hotelini usiku mmoja, rudi na deni. Sasa niko nyumbani, Mwanga ya Kigoma, na wadogo zangu wanaojiandaa kwenda huko wanakuja kuniuliza wakiwa wameshaambiwa habari zilezile za mnara. Basi naeleza tulivyofanya sisi: watu watano, wanne wa Kigoma na mtani mmoja wa Tabora, tukazunguka Hamburg, Bremen na Papenburg mwisho wa juma mmoja, kwa fedha ambayo Paris ingeishia kwenye malazi.

Papenburg ni mji mdogo karibu na mpaka wa Uholanzi, na wengi hawajausikia. Sisi tulikuwa na sababu. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa pale mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer Werft, ikaitwa Goetzen kwa jina la gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani wakati wa Maji Maji. Ilipokamilika ikafunguliwa, vipande vikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, vikapakiwa melini Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha vikaletwa kwa reli ya kati hadi Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914 tu. Mafundi watatu kutoka Papenburg wakaja kuiunga upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Mtani wa Tabora alitukumbusha njia nzima kwamba masanduku yalipita kwao kwanza, sisi tumepewa kilichobaki. Kwa hiyo mpango ulikuwa kuyafuata masanduku kinyumenyume: kwanza bandari yalikopakiwa, halafu mji yalikotoka. Safari ikiwa na uzi wa namna hiyo, huna haja ya kulipia kila kivutio unachokutana nacho.

Kabla ya treni kulikuwa na wazo la gari. Wazo lilikuwa la mtani, na kwenye karatasi lilipendeza: gari la kukodi kama euro arobaini kwa siku, gawa kwa watano, kila mtu anane. (Euro moja zidisha kwa kama elfu tatu, utapata picha.) Akakusanya leseni yake ya Tanzania, tukamsindikiza hadi kaunta ya kampuni moja ya magari. Dada wa kaunta hakubisha, alianza tu kuongeza. Dereva ana miaka chini ya 25, kuna ada ya ziada kwa kila siku. Leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya inatumika miezi 6 tangu mtu ahamie Ujerumani, baada ya hapo haitambuliki. Na hata ndani ya miezi hiyo, leseni yetu inatakiwa iambatane na tafsiri au kibali cha kimataifa. Bima ya kupunguza makato gari likikwaruzwa, ada nyingine. Mwisho akaomba kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana, euro mia kadhaa zinazozuiwa mpaka gari lirudi. Hapo mtani akaanza kutoa kadi mfukoni moja baada ya nyingine: ya benki, ikakataliwa kwa sababu si ya mkopo, ya bima ya afya, ya maktaba. Dada wa watu alizitazama zote kwa adabu. Tulipopiga hesabu upya nje, pamoja na mafuta na maegesho, kila mtu ilimfikia zaidi ya mara tatu ya zile euro nane. Kama hamna mwenye kadi ya mkopo, aliyevuka miaka 25 na mwenye leseni inayotambulika, msipoteze hata muda wa kwenda kuulizia.

Treni za kasi nazo zina mtego wake. Tiketi ya bei ya chini unayonunua mapema imefungwa kwa treni ile tu uliyoichagua. Ukiikosa kwa uzembe wako, umenunua karatasi. Kwa kundi la Waswahili watano, mmoja anachana nywele na mwingine anatafuta pasi ya kusafiria, hiyo ni kamari. Tulichotumia ni treni za mikoa, zile zenye herufi RE na RB, ambazo hazina siti maalumu wala treni maalumu. Ukikosa moja, unasubiri inayofuata.

Tiketi za treni hizo zinazofaa kundi ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na mwaka 2025 ikawa 58. Ni ya mtu mmoja mmoja, inafaa treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, lakini si ICE wala IC, zile treni za masafa marefu. Ni ya kujiandikisha kila mwezi, na ukitaka kuacha lazima ufute kabla ya tarehe 10, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena. Wanafunzi wa vyuo vingi huipata kwa nafuu ndani ya ada ya muhula. Ya pili ni Niedersachsen-Ticket, ya siku moja, ya mtu mmoja hadi watano, inafanya kazi jimbo zima la Niedersachsen pamoja na Bremen na Hamburg. Ujanja ni kutonunua ya watano kwa mazoea. Sisi wawili tulikuwa na ya mwezi tayari, kwa hiyo tukanunua ya kundi kwa wale watatu tu, ikaja chini kidogo ya euro arobaini kwenda na kurudi. Bei inaanza na mtu wa kwanza, kila anayeongezeka anaongeza euro chache.

Jumatatu hadi Ijumaa tiketi hiyo ya kundi inaanza saa tatu asubuhi. Jumamosi na Jumapili inaanza usiku wa manane, na kila siku inaisha saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Ndiyo maana Papenburg tuliiweka Jumamosi, tukaondoka Hamburg alfajiri. Majina ya wasafiri yaandikwe juu ya tiketi kabla ya kupanda, na kila mtu awe na pasi au kadi ya ukaazi, kwa sababu mkaguzi anaoanisha. Vituoni hakuna geti la kukuzuia, na hapo ndipo wageni hudhani ni bure. Ukikamatwa bila tiketi halali faini inaanzia euro 60. Na mkipangiana muda kwenye simu, andikeni kama ratiba inavyoandika, 05:50, msiandike "saa kumi na moja na dakika hamsini", maana kwenye kundi letu kulikuwa na aliyeshazoea saa za Kizungu na ambaye bado.

Ijumaa ilikuwa ya Hamburg. Watalii hupandishwa boti za kuzungushwa bandarini kwa euro ishirini na zaidi. Ukiwa na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji, kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder kimo ndani ya tiketi hiyohiyo. Panda sitaha ya juu, kaa upande wa kulia, utapita meli za makontena, magati na nyumba za Övelgönne, kama nusu saa hivi. Wale watatu tuliwakatia tiketi ya mji ya siku, ya kundi. Ukirudi Landungsbrücken, pale pale kuna mlango wa njia ya chini ya mto Elbe iliyofunguliwa 1911. Kwa mguu ni bure: unashuka kwa lifti au ngazi kama mita 24, unatembea mita 426, unatokea ng'ambo ya Steinwerder, mahali pazuri kuliko pote kuitazama Hamburg. Liemba ilipopakiwa, njia hiyo ilikuwa na miaka michache tu. Tuliketi ng'ambo kule tukala chapati.

Chakula kinaamua bajeti kuliko nauli. Kipande cha mkate chenye soseji kituoni ni euro sita, saba; kwa watu watano mara tatu kwa siku, hesabu mwenyewe. Tulipika kwa mwenyeji wetu Hamburg: chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi, chai ya chupa ya moto. Unga wa mahindi, ndizi za kupika na mihogo vinapatikana mtaa wa Steindamm, karibu na kituo kikuu. Dagaa wetu wa ziwani acheni nyumbani. Ndani ya behewa lililofungwa madirisha dagaa hujitangaza kama mwadhini, na abiria huhama. Maji ya bomba ni safi, chupa jaza kila unapopata bomba. Chupa za plastiki na makopo ya soda usitupe, kila moja ina senti 25 za amana, rudisha kwenye mashine ya duka lolote kubwa. Choo cha kituoni ni kama euro moja, cha ndani ya treni ni bure, kwa hiyo jipange. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: Jumapili maduka hufungwa, isipokuwa yale ya vituoni ambayo bei zake zinauma. Nunueni vya Jumapili siku ya Jumamosi.

Kulala, tulitandika magodoro chumbani kwa mwenzetu, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Msipokuwa na mtu, kuna hosteli za vijana za Jugendherberge. Mnahitaji kadi ya uanachama, lakini shuka na kifungua kinywa vimo ndani ya bei.

Njia ya Papenburg kutoka Hamburg ni hivi: treni ya mikoa hadi Bremen, zaidi kidogo ya saa moja, Bremen hadi Leer kupitia Oldenburg, Leer hadi Papenburg, kituo cha karibu sana. Kwenye programu ya reli, DB Navigator, chagua treni za mikoa pekee, la sivyo itakuwekea IC katikati na tiketi yenu haitafaa. Tena msiamini anayesema treni za Ujerumani hazichelewi. Zinachelewa. Pale mnapobadilisha treni wekeni dakika ishirini na zaidi, na siku mbili kabla tazameni tena ratiba, kwa kuwa matengenezo ya reli hufanyika sana mwisho wa juma na mnaweza kukuta basi mahali pa treni.

Bremen tulisimama makusudi kati ya treni mbili. Nyuma ya kituo, dakika chache kwa mguu, kuna tembo wa matofali mwenye kimo cha mita 10. Alijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuyasifu makoloni, nchi yetu ikiwemo, na baadaye mji ukamgeuza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Sehemu ile inaitwa Nelson-Mandela-Park. Haina kiingilio, na wengi huikosa kwa kuwa wanatokea mlango wa mbele kwenda kupiga picha na sanamu ya wanyama wanne wa hadithi ya Wanamuziki wa Bremen.

Papenburg wenyeji watawaelekeza Meyer Werft ya sasa, pembeni mwa mji, zinakoundwa meli kubwa za kitalii. Ukumbi mmoja una urefu wa mita 504. Meli inaundwa chini ya paa, kisha inapelekwa baharini kwa mto Ems ikitanguliza tezi, yaani kinyumenyume. Kuingia ni kwa ziara ya kuongozwa tu, nafasi zinawekwa mapema kupitia ofisi ya utalii ya mji, na wanaohitaji Kiingereza waulize kwanza ni siku gani. Inafaa fedha yake. Ila Liemba haikuundwa pale. Kiwanda kilihamia huko miaka ya 1970. Cha zamani kilikuwa ndani ya mji, na majengo yake yamebaki, yanaitwa Alte Werft, sasa yana hoteli na ukumbi wa maonyesho. Kutoka kituoni ni kama robo saa kwa mguu, na kutembea nje hulipi kitu. Ukiyaona matofali yale mekundu na mifereji myembamba ya mji, ndipo unaelewa kwa nini meli ya zaidi ya mita 70 ilibidi isafiri ikiwa masandukuni. Palepale ndipo tulipobishana kuhusu mafundi wale watatu: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli karibu na mlango wa Malagarasi, walizipaka injini grisi nzito kwanza, na Waingereza walipoiinua mwaka 1924 wakazikuta bado zinafaa. Fundi anayeizamisha kazi yake huku akiitunza! Iliporudi kazini mwaka 1927 ndipo ikawa Liemba. Kutoka hapo fuateni mfereji mkuu hadi mbele ya ofisi za mji, kuna jahazi la mtindo wa zamani, Friederike, limeegeshwa majini. Treni ya mwisho inayowafaa iangalieni kabla hamjaanza kuzurura. Sisi tulirudi Hamburg usiku mwingi, tiketi bado hai.

Jumapili iliyobaki ni ya soko la samaki la Hamburg, Fischmarkt, kando ya Elbe. Majira ya joto linaanza alfajiri, majira ya baridi saa moja, na majira yote linafungwa saa tatu na nusu asubuhi. Msiende mwanzo. Nendeni nusu saa ya mwisho, wauzaji wanapopiga kelele na kuongeza samaki wa kukaushwa kwa moshi juu ya mfuko uleule ili wasirudi nao. Mtu aliyekulia mwaloni Kibirizi hahitaji kufundishwa hapo. Kijerumani chetu kilikuwa kibovu, lakini kusimama kimya huku unahesabu sarafu polepole kunaeleweka kote. Kikapu kizima cha matunda kilikuwa kama euro kumi. Bebeni fedha taslimu.