Kabla hujasema "Bwana, ukinitoa hapa"

Tukizungumzia nadhiri, yaani ahadi ya kujifunga kwa Mungu, neno lenyewe "kuondoa" limeanza kutupotosha. Katika Biblia ya Kiswahili tuliyokulia, nadhiri huwekwa kisha huondolewa. Kijana wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, akisoma leo Mhubiri 5:4, "usikawie kuiondoa", anaweza kudhani ameruhusiwa kuifuta upesi. Maana ni kinyume kabisa. Nadhiri huondolewa kama deni linavyoondolewa: unalilipa mpaka halipo tena. Mstari unaofuata hauachi mwanya, kwani unasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Na Kumbukumbu la Torati 23:22 inaongeza jambo ambalo halihubiriwi sana: ukijizuia usiweke nadhiri, hutakuwa na dhambi. Hakuna Mkristo anayelazimishwa kuweka nadhiri ya binafsi. Ndiyo sababu ukiiweka inakubana hivyo.

Mji wetu wa Goma unazaa nadhiri nyingi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na watu wakashika njia ya Sake au ya mpaka wa Rwanda, godoro kichwani na mtoto mgongoni, ndio usiku ambao mdomo husema chochote. "Bwana, ukinitoa hapa nitakutumikia maisha yangu yote." Asubuhi inafika, mtu yu hai, nyumba imesimama, na lile neno limebaki hewani. Je, linamfunga?

Hapo inabidi kwenda polepole. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1191, inasema nadhiri iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, au kwa udanganyifu, ni batili. "Isiyo ya haki" maana yake ni hofu uliyotiwa na mtu ili akulazimishe. Volkano haimdhulumu mtu. Kwa hiyo hofu ya lava peke yake haibatilishi nadhiri. Lakini kanuni hiyohiyo inadai nadhiri iwe imefikiriwa na iwe ya hiari. Mtu aliyekuwa akipiga kelele huku akitafuta watoto wake gizani, bila kujua anasema nini, hakufikiri. Yule aliyekaa kwenye kibaraza cha shule huko Sake siku ya tatu, akatafakari, akamwahidi Mungu jambo fulani kwa akili timamu, huyo amejifunga, hata kama bado alikuwa akiogopa. Mlezi wa roho mwenye busara atakuuliza mambo mawili: ulijua unasema nini, na ulikusudia kujifunga? Likikosekana moja kati ya hayo, nadhiri haikuwekwa. Ulikuwa unasali tu, na Mungu hupokea sala ya namna hiyo.

Tutenganishe pia mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Azimio unajiambia mwenyewe: kuanzia Januari nitasoma Biblia kila asubuhi. Ahadi ya mchango unaliambia kanisa: nitaleta mabati kumi. Ukishindwa, wa kwanza kwenda kumwona ni mweka hazina, umweleze hali yako bila kujificha. Nadhiri unamwambia Mungu, ukiwa umekusudia kujifunga kwake. Mhubiri akisimama siku ya harambee na kusema "nani atatoa dola 100, asimame", wengi husimama kwa sababu jirani amesimama. Hiyo si nadhiri. Naona ni kosa zito, tena ni kuwadhulumu maskini, kuigeuza ahadi ya namna hiyo kuwa nadhiri baada ya wiki mbili na kumsomea mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, Mhubiri 5 ili alipe kwa woga.

Nadhiri ya kweli huhusu jambo jema, linalowezekana, na lililo bora kuliko kutolifanya. Mimi naongeza, kwa kufuata Maandiko: jambo lililo lako.

Tuanze na wema. Yefta katika Waamuzi 11 aliahidi kumtolea Bwana chochote kitakachomtokea mlangoni akirudi vitani, na aliyetoka ni binti yake wa pekee. Herode katika Marko 6 aliapa mbele ya wageni, akaona aibu kurudi nyuma, kichwa cha Yohana kikaletwa katika kombe. Katika Matendo 23 watu zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamemwua Paulo. Nadhiri ya ubaya haimfungi mtu hata siku moja, na kuitimiza ni kuongeza dhambi ya pili juu ya ya kwanza. Kwetu sura yake ni ndogo ila ni ileile: "Mbele ya Mungu, sitakanyaga tena kwa shemeji", "sitamsamehe mpaka nife". Aliyesema hivyo ana kazi ya kutubu kwa kulitaja jina la Mungu namna hiyo, kisha aende kwa shemeji.

Kuwezekana ni suala la hesabu. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayeahidi mifuko 30 ya simenti kwa kanisa, naye kwa jasho lake lote anaweza kutenga mfuko mmoja kwa mwezi, amejiwekea miaka miwili na nusu, bila ugonjwa, bila ada ya shule, bila gurudumu kuvunjika njiani. Afadhali aahidi mifuko sita kwa mwaka mmoja na ailete. Nadhiri ya kufunga nayo ina hesabu yake: mwenye kisukari, mama mjamzito au anayenyonyesha, mtu anayemeza dawa zinazotaka chakula, asiahidi siku za kutokula kabla ya kumwuliza muuguzi au daktari. Aahidi kitu kingine, kwa mfano kuwatembelea wagonjwa kila Jumamosi kwa miezi mitatu.

Kisha, liwe lako. Hili ndilo linaloharibu nyumba nyingi. Mama anaahidi kiwanja ambacho mumewe hajui kimeahidiwa. Baba anaahidi pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ambayo zamu hii ni ya mwingine. Yesu katika Marko 7:11 aliwakemea waliosema "Korbani", yaani mali hii ni wakfu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Hesabu 30 inahusu hasa nadhiri za ndani ya nyumba: baba au mume akisikia nadhiri ya binti au mke na kunyamaza siku hiyo, imethibitika. Akiikataa siku hiyohiyo, Bwana amemsamehe mwanamke. Na akiitangua baadaye, uovu ni wa mume. Sheria ile ilikuwa ya Israeli na ya wakati ule, ila ndani yake kuna busara ambayo mume na mke wa leo wanaihitaji kwa pande zote mbili: mali ya nyumba haiahidiwi na mtu mmoja, na mwenzako akikuambia nadhiri yake, usinyamaze kisha ukaja kulalamika mwezi ujao.

Wala usimwahidi Mungu kile unachodaiwa tayari. Walawi 27:26 inakataza kuweka wakfu mzaliwa wa kwanza wa mnyama, kwa kuwa alikuwa wa Bwana tangu mwanzo. Kuahidi "nitaacha wizi" ni toba, na toba ni deni la kila siku.

Sura hiyo ya 27 ningependa kila kamati ya kanisa iisome kwa makini, maana inaonyesha Mungu asivyopenda nadhiri ya kubahatisha. Kila kitu kina kipimo. Mwanamume wa miaka 20 hadi 60 aliyewekwa wakfu kwa nadhiri alihesabiwa shekeli 50 za fedha, mwanamke 30. Kijana wa miaka 5 hadi 20 alikuwa 20, msichana 10. Maskini asiyeweza alipelekwa kwa kuhani, naye akamkadiria kwa kadiri ya uwezo wake. Mnyama safi aliyeahidiwa hakubadilishwa, hata mbaya kwa mzuri. Ukibadilisha, wote wawili wanakuwa watakatifu, umepoteza wawili. Nyumba iliweza kukombolewa kwa kuongeza sehemu ya tano, kwa hiyo iliyokadiriwa shekeli 50 ilikombolewa kwa 60. Na Walawi 22:23 inasema ng'ombe mwenye kiungo kilichozidi au kilichopungua aweza kutolewa kwa hiari, lakini kwa nadhiri hakubaliki. Sadaka ya hiari ilikuwa na nafasi ya upungufu. Malaki 1:14 inamlaani yule mwenye dume kundini ambaye ameahidi, kisha akaleta kilema. Kumbuka hilo siku uliyoahidi mbuzi na mkono unapomtafuta yule anayekohoa.

Basi mtu anayetaka kuweka nadhiri afanyeje? Kwanza asiiweke kwenye mkesha, ngoma zikiwa zimepamba moto. Alale nayo siku saba. Mithali 20:25 inaita mtego ile haraka ya kusema "ni wakfu" kisha kuanza kuuliza. Azungumze na mwenzake wa ndoa, na mtu mmoja mkomavu asiye na faida yoyote katika hiyo nadhiri, maana mchungaji atakayepokea matofali hafai kuwa mshauri wa pekee. Kisha aiandike kwenye daftari kwa sentensi moja: ninaahidi nini, kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, kwa sharti gani. "Nitakutumikia daima" haina mwisho wala kipimo, itamtesa kila akipumzika. "Kila Jumapili kwa mwaka mmoja nitawafundisha watoto wa katekisimu" inajulikana siku inapoisha. Kama kuna sharti, lisomeke wazi. Yakobo kule Betheli, Mwanzo 28, alitaja yake: Mungu awe pamoja naye, ampe chakula na nguo, amrudishe kwa amani. Sharti lisipotimia, nadhiri haijaiva. Likitimia, imeiva siku hiyo. Yakobo mwenyewe alirudi kutoka kwa Labani baada ya miaka 20, akakaa Shekemu, mpaka Mungu akamwambia katika sura ya 35: ondoka, panda Betheli. Kilichomchelewesha ni kile kinachotuchelewesha sisi: hatari imepita.

Nadhiri za ndoa zina uzito wake wa pekee, nami sitaki kuzizungumzia kwa mistari miwili, ila neno moja linatosha hapa. Kabla ya kutamka ukubali wao, padri anawauliza wachumba kama wamekuja kwa hiari bila kulazimishwa, kama watapendana na kuheshimiana maisha yote, na kama watawapokea watoto. Maswali hayo yanataka jibu la kweli kabla ya kukodi mahema na kushona sare. Familia inayomsukuma binti kwa sababu mahari imeshaliwa inalitia doa lile swali la kwanza, la hiari.

Kwa watawa, Kanisa limeweka ngazi ili mtu asiruke. Unovisi, yaani kipindi cha kujaribiwa kabla ya nadhiri, hauwezi kuanza kabla ya miaka 17, nao unachukua miezi 12 kamili kwa uchache. Nadhiri za muda hazitangulii miaka 18, na hudumu miaka mitatu hadi sita. Za daima hazitangulii miaka 21. Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa Kongo, aliweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1959, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuvunja ile ya usafi wa moyo. Hapa kwetu Goma tuna Floribert Bwana Chui, ambaye hakuwa mtawa. Alikuwa mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa, akakataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipite, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, na akatangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Ahadi aliyoishika ni ileile ya ubatizo tunayoirudia usiku wa Pasaka, tunapoulizwa kama tunamkataa Shetani na mambo yake yote. Kwa wengi wetu hiyo na ile ya ndoa zinatosha kazi ya maisha mazima.

Na aliyeshindwa? Asijifiche. Kwa Mkatoliki, nadhiri ya binafsi inaweza kuondolewa wajibu na askofu wa jimbo au na paroko wake, kwa sababu ya haki. Unaweza pia kuibadilisha mwenyewe kuwa jambo lililo sawa au bora zaidi. Kuibadilisha kuwa jambo dogo zaidi kunahitaji mwenye mamlaka hiyo. Usijifungulie mwenyewe kimyakimya kwa sababu umechoka. Kwa ndugu zetu wa CBCA, CEPAC na makanisa mengine ya Kiprotestanti hakuna ofisi ya kufungua nadhiri. Hapo mtu huenda kwa mchungaji na wazee akiwa na daftari lake, anatubu, analipa sehemu anayoweza, na kilichobaki wanakipima pamoja, kama kuhani alivyomkadiria maskini. Asiombwe pesa zaidi ili afunguliwe. Anayeomba hivyo mkimbie.

Jambo lenyewe nalo linaweza kutoweka. Lava ya Januari 2002 iliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Aliyekuwa ameahidi kupaka rangi ukuta ambao sasa ni mwamba mweusi hafungwi tena na ukuta ule, kwa kuwa jambo limebadilika kabisa. Akipenda kuipeleka rangi kwenye kikanisa cha mtaa, ni vema.

Limebaki lile linalowaumiza watoto. Mama alikufa na nadhiri haijatimizwa, kila binti akikosa mume au duka likifungwa mtu wa maombi anasema ni nadhiri ya marehemu inayowafuata. Kanuni ya 1193 ya ile Sheria ya Kanisa Katoliki inasema nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka, na Ezekieli 18:20 inakataa mwana achukue uovu wa baba. Watoto wakitaka kumtoa mbuzi, kwa mfano, ambaye mama yao alimwahidi, wamtoe kwa shukrani, mchana, bila mtu kuwapangia idadi ya siku za kufunga wala bahasha ya kuleta.